Mama Miguu na Wagomaji wa Uwanjani

Katika hospitali ile, mtu aliyekatwa mguu hakutajiwa jina la idara wala namba ya chumba. Aliambiwa tu, "Nenda kwa Mama Miguu." Na hakupotea, kwa sababu karakana yenyewe, nyuma ya jengo la kufulia, ilijitangaza: tupa ikikwaruza plasta, harufu ya plastiki iliyopashwa moto, na pale mlangoni miguu ya bandia imesimama ikiegemea ukuta, mirefu na mifupi, kama abiria waliochelewa.

Mama Miguu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, asiye mwepesi wa kucheka. Ila akicheka, mabega yote mawili yalishiriki. Kazi yake alifundishwa na fundi mzee ambaye alikuwa na mtindo wa kumfumba macho kwa kitambaa, kisha anampa kigutu cha mgonjwa akipapase mpaka vidole vijue mfupa umejificha wapi na nyama imelegea wapi. Ndipo Mama Miguu anakifunga bandeji za plasta, anapata umbo, analijaza, analichonga, na juu ya umbo hilo anavuta plastiki ya moto ili kupata kile alichokiita kikombe, yaani pale mtu anapoingizia kigutu chake. Kikombe kikikosewa, mguu mzima ni bure, hata uwe na unyayo mzuri namna gani.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa mkabala na geti la hospitali hiyohiyo. Huyu naye alikuwa na mdomo wenye magurudumu. Mteja akikaa kitini hajafungwa shuka shingoni, Kinyozi ameshafika mbali: habari za mpira, za majirani, za mbunge, za mbuzi wa mtu. Alipenda kuwaambia watu, "Mimi napunguza, mke wangu anaongeza. Nyumba yetu haina hasara." Alilisema hilo miaka na miaka, na wateja waliendelea kulicheka kwa adabu.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike, ambaye tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, wakamwita Chiriku. Chiriku alifariki akiwa darasa la tano, kwa ugonjwa wa damu ulioanza kama homa ya mafua. Alifia wodini alasiri moja, mama yake akiwa kando ya kitanda. Baada ya mazishi wazazi wale walifanya wanachofanya wengi, walirudi kazini. Kinyozi akazidi kusema na wateja, Mama Miguu akazidi kukwaruza plasta. Jina la mtoto lilibaki katika kuitana tu, Mama Chiriku, Baba Chiriku. Habari yake yenyewe hawakuigusa, kama watu wanaolijua shimo lilipo na wanalipita kando bila hata kuambiana.

Kisha ikaja ile habari.

Redio ya kibandani ilikuwa imewashwa, na Kinyozi alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja. Mtangazaji akasema wataalamu wa nchi nyingi, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya mvua, wametoa kauli moja: kwamba dunia hii ni mwigo. Milima, mito, nyota, mende wa jikoni na sisi wenyewe ni hesabu zinazoendeshwa na mashine kubwa mno, iliyowekwa mahali tusipoweza kufika na watu tusiowajua. Walikuwa wameupima mwanga wa nyota za mbali na kukuta unakatikakatika, kama picha ya televisheni ukiikaribia mno. Kinyozi akazima mashine. Halafu yule mteja akasema, "Basi malizia na upande huu. Hata kama ni hesabu, sitaki kutoka nusu."

Siku hiyo watu walicheka. Kicheko kilikauka polepole, kadiri wataalamu wengine walivyopima na kukuta vilevile, mpaka kiongozi wa nchi aliposoma taarifa kwenye televisheni akiwa na uso wa mtu anayeleta tanzia. Hapo hata wabishi wakaishiwa maneno. Wenye mashine walipewa jina mtaani, wakaitwa Wenyewe, na jina likashika. Katika nyumba za ibada wengine walisema, si tuliwaambia siku zote yupo aliyefanya. Wengine walikaa kwenye mabenchi na kulia. Soko lilifungwa kwa muda, kisha likafunguka, maana matumbo yalidai. Dada mkubwa wa Kinyozi, muuza mkaa, alikuwa wa kwanza kurudi kwenye meza yake. Alipoulizwa kwa nini anahangaika na dunia ya uongo, alijibu kuwa njaa haisikilizi redio.

Lakini si kila mtu alikuwa na moyo wa muuza mkaa. Watu waliachia. Hilo ndilo lilikuwa neno la siku zile. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, akaachia chaki akaenda zake. Muuguzi aliachia zamu. Hawakuwa na hasira. Walikuwa kama mtu aliyekuwa akisukuma gari, kisha akaambiwa gari halina injini.

Mama Miguu hakuachia. Aliendelea kufungua karakana asubuhi na kuvaa aproni yake yenye madoa meupe. Ila mkono wake uliharibika. Alikuwa anashika tupa, anajikuta ameisimamisha hewani, anaiangalia. Plasta ni nini? Na kidole kinachoigusa ni nini? Wazo hili angeweza kulifukuza, kwa kuwa halikuwa na meno. Lililokuja nyuma yake ndilo lililomng'ata. Miaka yote ile alijiambia kwamba homa ya Chiriku haikuwa na mwenyewe. Ni damu tu, imegeuka. Mtu ukikosa wa kumlaumu unachoka, hatimaye unalala. Sasa wa kulaumiwa alikuwa amepatikana, na hakuwa na mlango ambao ungeweza kuubisha hodi. Kama kila kitu ni hesabu, basi kulikuwa na mtu mahali fulani ambaye angenyoosha kidole kimoja na kufuta namba moja, na hakunyoosha. Mama Miguu alikuwa anatembea barabarani na wazo hili kama mtu aliyebeba maji ya moto kichwani bila kata.

Kinyozi naye alinyamaza. Wateja walidhani anaumwa koo. Alikuwa ananyoa bila neno, anakung'uta shuka, anamwita mwingine. Halafu siku moja hakufungua kibanda. Mkewe alipomuuliza, alisema anakwenda uwanjani.

Katika uwanja wa mpira walikuwa wamekusanyika wagomaji. Hoja yao ilikuwa fupi, na ndiyo maana iliwashika watu: Wenyewe wanaendesha dunia hii kwa sababu wanataka kuitazama. Basi tukilala chini tukakataa kula, kusema na kucheza, hawatakuwa na cha kutazama. Watalazimika kutusikiliza. Na walichodai kilikuwa kimoja tu, wafu warudishwe. Kinachohesabiwa, walisema, huhesabika tena. Hakuna hesabu inayooza kaburini. Walilala kwenye nyasi kwa safu, wengi wao wafiwa: wajane, wazazi, mzee mmoja mstaafu wa posta aliyefiwa na mkewe mwezi uleule wa tangazo. Walikunywa maji tu. Na Kinyozi, mtu wa maneno, alichagua mahali karibu na goli, akatandika shuka lake la kunyolea, akalala chali.

Mama Miguu akawa anapita uwanjani kila jioni akitoka kazini, na chupa ya uji mkobani. Alibembeleza, alifoka, alinyamaza, akarudia kubembeleza. Wifi yake muuza mkaa naye alikuja, akasimama juu ya mdogo wake na kumweleza mbele za watu kuwa hata mtoto wa chekechea akisusa huwa anachungulia sahani. Watu wa safu ile walitabasamu. Kinyozi hakutabasamu. Uji ulirudi nyumbani umeganda.

Ni katika siku hizo, akili ya Mama Miguu iko uwanjani na mikono iko karakanani, ndipo alipoletwa Mpaka Rangi.

Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, aliyeishi kwa kupaka rangi kuta za nyumba za watu. Alikuwa juu ya jukwaa la mbao, ghorofa ya pili, na mwenzake wa kazi yuko chini ameshika kamba iliyolizuia lisiyumbe. Mwenzake yule, bila ugomvi wala ulevi, aliachia. Aliachia kamba kama wengine walivyoachia chaki, akavuka barabara akaenda kwao. Jukwaa likapinduka, na mguu wa kulia wa Mpaka Rangi ulisagika chini ya goti hata madaktari hawakuwa na la kuokoa.

Mama Miguu alimtengenezea mguu. Alipapasa kigutu, akafunga plasta, akachonga, akavuta plastiki. Alifanya yote kwa mpangilio wake, ila hakuwepo. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, pana kichwa cha mfupa mwembamba ambacho lazima kiachiwe nafasi ndani ya kikombe. Hata fundi wa juzi anajua. Mama Miguu hakukiachia. Mpaka Rangi alipolalamika kuwa panabana, aliambiwa atapazoea.

Hakupazoea. Alirudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa bandia ameupakata mapajani. Daktari alikuwa ameshaona kidonda na kusema wazi kuwa kikifika mfupani watakata tena, safari hii juu ya goti. Mama Miguu alipiga magoti, akafungua bandeji, akaona alichofanya. Harufu yake tu ilitosha.

Mpaka Rangi hakupaza sauti, na kwa mtu kama yeye hilo lilitisha kuliko kelele.

"Yule aliyeachia kamba alikuja wodini kuniomba radhi," alisema. "Eti alidhani haina maana tena. Na wewe, mama, ulidhani hivyohivyo?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kujitetea, na mumewe anayekufa njaa uwanjani lilikuwa mojawapo, tena la kweli. Mama Miguu hakulitumia.

"Ndiyo," alisema.

Mpaka Rangi aliegemea kiti chake. "Afadhali umesema," alisema. Kisha akauliza kama hapo karakanani pana mahali pa kujinyoosha, maana mgongo unamuuma.

Tangu siku hiyo Mama Miguu alikisafisha kidonda kile kwa mikono yake, ingawa haikuwa kazi yake, asubuhi na tena kabla ya kufunga. Mguu mpya ungesubiri mpaka ngozi ipone. Na katika kukaa pamoja hivyo ndipo alipojua habari ya kidole gumba. Mpaka Rangi alikuwa halali kwa sababu ya kidole gumba cha mguu uliokatwa. Kimejikunja, alisema, kimejikunja kwa ndani kama kinachokandamizwa na mlango, na hana cha kukinyoosha kwa kuwa hakipo. Alijua hakipo. Aliuona mguu mzima ukichukuliwa. Na bado kilimuuma mpaka alitokwa jasho.

Kwa Mama Miguu habari hii haikuwa ngeni. Karibu kila aliyepita kwenye karakana ile alikuwa na unyayo wa namna hiyo, unaowasha au kuungua mahali palipo hewa tupu, na hakuwahi kumwambia yeyote kuwa anasingizia. Fundi mzee alimwachia dawa yake pia: kioo kirefu. Cha karakana kilivunjika zamani na hospitali haikuleta kingine. Basi alichukua ufunguo, akavuka barabara, akafungua kibanda cha mumewe.

Vumbi lilikuwa limetanda kitini. Mashine za kunyolea zilikuwa zimepangwa juu ya taulo kama alivyoziacha mwenyewe, na nywele za mteja wa mwisho bado ziko sakafuni, kwa kuwa siku ile hakufagia, yeye aliyekuwa akifagia kila kichwa kikimalizika. Mama Miguu alifagia. Halafu akakitoa kioo kikubwa ukutani, akakifunga kwa shuka, akakivusha akiwa amekikumbatia, na madereva wakampisha.

Alimkalisha Mpaka Rangi kitandani, miguu imenyooshwa, akasimamisha kioo katikati ya mapaja, kigutu kikiwa kimefichwa nyuma yake na mguu mzima uko mbele. Akamwambia ainamishe kichwa na kuangalia ndani ya kioo tu. Ndani ya kioo kulikuwa na miguu miwili. Akamwambia akunje vidole taratibu, kisha avikunjue. Vidole vya kweli vilikunjuka, na vile vya kwenye kioo navyo. Mpaka Rangi alirudia, akarudia tena, halafu akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

"Kimekunjuka," alisema.

Akaanza kulia, na katikati ya kulia akawa mkali. "Najua ni kioo, mama. Usidhani sijui."

"Najua unajua."

"Basi kwa nini kimepoa?"

Mama Miguu alisema hajui, na hakika hakujua. Alishikilia kioo mpaka mikono ikafa ganzi.

Jumapili iliyofuata alikwenda uwanjani asubuhi, bila uji. Mzee wa posta hakuwepo tena mahali pake. Nyasi zilibaki zimelala kwa umbo lake, na hakuna aliyetaka kusogea pale. Kinyozi alikuwa amekonda hata pete ilikuwa imehamia kidole cha kati. Nywele zake, ambazo hakuwahi kuziacha zipite wiki, zilikuwa zimesongamana. Mkewe alilala kando yake kwenye nyasi, chali vilevile, wakaangalia mbingu wote wawili. Ilikuwa buluu ya kawaida, na wingu dogo.

Alijaribu kudai, kama wanavyodai. Hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu: alijaribu kwa moyo wote. Alifumba macho akamwita mtoto wake. Lakini kila alipomwita alijikuta akiuliza aje yupi. Yule wa siku ya kwanza ya shule? Yule wa mwisho, aliyekuwa na midomo iliyopasuka?

"Baba Chiriku," alisema, "wakirudia hiyo hesabu, wataanzia wapi?"

Kinyozi aliendelea kuangalia wingu.

"Maana wakianzia mwanzo, homa nayo imo. Watamrudisha na ugonjwa wake. Atakufa tena."

Kinyozi alilamba midomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyeijua.

"Hata hivyo," alisema. "Hata afe tena. Nitakuwa nimemwona."

Hapo ndipo alipomweleza kitu ambacho katika miaka yote ile ya kupita kando ya shimo hakuwahi kukisema. Alasiri ile alikuwa na mteja. Alipokuja mtu kumwita akimbie wodini, mteja alikuwa na povu usoni, na Kinyozi aliona aibu kumwacha hivyo. Akamalizia ndevu. Hata kisogo alikisafisha. Ndipo akavua koti, akavuka barabara akikimbia, akapanda ngazi akikimbia, akakuta mkewe amekaa na shuka limeshafunika uso. "Wewe ulikuwepo," alisema. "Mimi sina hata kidogo cha kushika. Nimekaa nikiiwaza alasiri ile mpaka nimeitunga mwenyewe, na kila siku naitunga vingine. Nataka ile yenyewe."

Mama Miguu aliinuka akaketi. Alichokitaka mumewe, yeye alikuwa nacho, chote, tangu siku ile. Hakuwahi kukitoa kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Na kwa sababu ndani yake lilikuwemo neno moja la Chiriku ambalo lingemkata baba yake vipande. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akasema jua limekuwa kali, akamfunika kichwa kwa kanga yake, akaondoka. Njiani alijiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli, ila alijiambia kuwa mtu aliyedhoofika vile hapigwi nyundo.

Kesho yake, Mama Miguu akiwa na tupa mkononi, wifi yake aliingia karakanani bila hodi, mikono bado ina mkaa. Kinyozi amezimia. Wameshamleta.

Safari hii ni Mama Miguu aliyekimbia ngazi zile, na aproni yake ikiacha vumbi jeupe kila ngazi. Alikuwa akimkemea Mungu, Wenyewe, nafsi yake, wote kwa pamoja. Alifika akakuta mumewe amewekewa maji mkononi, macho yamezama, yu hai. Daktari alisema moyo umechoka na figo hazieleweki, wasubiri. Wodi ilikuwa na kelele za mchana, watu wa kudeki, redio ya mgonjwa mmoja, mtoto wa mtu akililia soda. Mama Miguu alivuta kigoda, akakaa, na hakusubiri tena mtu apate nguvu.

"Sikiliza," alisema. "Nitakupa ile yenyewe."

Akampa. Alimwambia kitanda kilikuwa cha pili kutoka dirishani, na jua lilikuwa linampiga Chiriku machoni, wakafunga pazia kwa pini ya nywele. Kwamba siku ile alikuwa na kisirani, alilalamika kuwa muuguzi amemsuka vibaya, upande mmoja umebana na mwingine unaning'inia. Kwamba alitaka maji, akapewa, akasema yana ladha ya kikombe. Kwamba alisimulia habari ya rafiki yake aliyemeza kifutio, akaikatiza katikati, akasema ataimalizia, na hakuimalizia. Kwamba aliuliza baba yuko wapi, na mama akamwambia yuko njiani. Kinyozi alikuwa amefumba macho, machozi yakishukia masikioni.

Mama Miguu aliposita, Kinyozi alisema bila kuyafumbua, "Usiache kitu."

"Nilimwambia yuko njiani anakimbia. Akasema, 'Mwambie asikimbie. Ataanguka kwenye ngazi.' Akageuka ukutani. Nilidhani amelala."

Mama Miguu aliangalia kifua cha mumewe akihofia kwamba kitasimama.

"Alisemaje hasa?" Kinyozi aliuliza. "Kwa sauti gani?"

Akamwigizia: ile sauti ya kuamrisha, ya pua kidogo, ya mtoto anayejua kila kitu. Kinyozi akatoa mlio ambao hata yeye mwenyewe asingeweza kusema ni kilio au kicheko. Akaomba asimuliwe tena kuanzia kwenye pazia. Akasimuliwa. Hakunywa uji siku hiyo. Alikunywa siku iliyofuata, kutoka mkono wa dada yake, baada ya kutukanwa vya kutosha.

Wenyewe hawakujibu. Wagomaji kadhaa walikufa, wakazikwa kama watu wanavyozikwa. Waliobaki walianza kuondoka mmojammoja, wakikunja mikeka huku wameinamisha macho, na mvua za kwanza ziliwamaliza waliokuwa wamesalia. Nyasi za uwanja zilibaki na mabaka kwa muda mrefu. Mpaka leo wapo wanaosema kuwa walikata tamaa mapema mno, kwamba zingeongezwa siku chache tu, Wenyewe wangejibu.

Kinyozi mwenyewe ni mmoja wao. Figo zake hazikurudi sawa. Huchoka haraka, na kibanda hukifungua asubuhi tu. Anaamini Chiriku yupo mahali ndani ya mashine, amewekwa, hajapotea. Mama Miguu haamini hilo, wala haliamini lililo kinyume chake. Hasira yake kwa Wenyewe haijaisha. Humjia akiwa jikoni au barabarani, bila taarifa, na siku hizo huwa hasalimii mtu. Ila mkono wake ulirudi. Kidonda cha Mpaka Rangi kilichukua muda kufunga, goti likaokoka, na mguu wa pili aliotengenezewa uliingia bila kubana. Jukwaani hapandi tena, hata umwahidi nini. Anapaka milango na mageti, vitu vya chini, na kuna siku kidole gumba kinamrudia. Hapo huja karakanani kuomba kioo, anakaa nacho, anaondoka akilaani.

Nyumbani kwa wale wawili sasa habari ya Chiriku inasemwa. Haisemwi kwa upole kila mara. Wakati wa chai hubishana juu yake, kama watu wanaobishania mpaka wa shamba. Juzi ilikuwa juu ya kandambili alizovaa siku alipoanguka kwenye mtaro: Kinyozi anasema zilikuwa nyekundu, alizinunua yeye. Mama Miguu anasema nyekundu zilikatika mapema, siku ya mtaro alivaa za bluu, za binamu yake, zilikuwa kubwa, ndiyo sababu alianguka. Waliitana waongo. Wifi muuza mkaa, aliyekuja kuazima sufuria, aliulizwa aamue, akasema yeye anakumbuka kwamba mtoto yule alikuwa peku.